Antaktika si barafu ya ukwaju

Imenipitia tena wiki hii: picha ya dubu mweupe amesimama juu ya kipande cha barafu, na chini yake maneno "Antaktika inayeyuka, bahari inapanda". Antaktika hakuna dubu hata mmoja. Kwao ni Aktiki, kule kaskazini, ambako kuna bahari iliyozungukwa na mabara. Antaktika ni bara lililozungukwa na bahari. Lakini dubu nimeshamsamehe siku nyingi. Kinachonichosha ni mabishano yanayofuata. Mmoja anasema barafu ikiisha tutazama sote. Mwenzake anamjibu, mbona mwaka 2014 barafu ya Antaktika iliongezeka mpaka ikavunja rekodi? Wanakesha wakitupiana maneno, na wote wawili wamejikwaa kwenye kisiki kimoja: wanadhani barafu ya kule ni ya aina moja, na kwamba inaisha kama barafu ya ukwaju iliyoachwa juani, tone kwa tone.

Kiswahili nacho kinachangia. Neno "barafu" tumelibebesha kila kitu, kuanzia ya kwenye friji hadi ya Kibo. Kwa Antaktika lazima tuligawe mara tatu, na njia rahisi ni kuwafuata wavumbuzi watatu wa zamani, maana kila mmoja alikutana na barafu yake.

Ernest Shackleton alikutana na barafu ya bahari. Meli yake, Endurance, ilinaswa kwenye Bahari ya Weddell Januari 1915, ikachukuliwa na barafu kwa miezi, ikabanwa mpaka mbao zikavunjika, na tarehe 21 Novemba 1915 ikazama. Ilipatikana Machi 2022 kwenye kina cha mita 3,008. Yaani chini ya miguu ya wale mabaharia palikuwa na ganda la maji ya bahari yaliyoganda, mita moja au mbili hivi, nene zaidi pale vipande vilipopandana, na chini yake maji matupu kilomita tatu. Ganda hilo hutanuka kila mwaka hadi kilomita za mraba milioni 18 hivi mwezi Septemba, kisha hunywea hadi milioni 3 au pungufu mwezi Februari. Hiyo ndiyo iliyovunja rekodi Septemba 2014 kwa kupita milioni 20. Na hiyo hiyo ndiyo iliyoshuka chini ya milioni 2 Februari 2023, na Septemba mwaka huo haikufika hata milioni 17. Ina mambo yake na upepo na mikondo ya bahari. Kwa hoja ya usawa wa bahari kupanda au kushuka, haina kazi kabisa, kwa yule anayetisha na kwa yule anayekanusha.

Robert Scott alifia kwenye rafu ya barafu. Rafu ni barafu iliyoteremka kutoka nchi kavu ikaanza kuelea baharini bila kukatika na mama yake. Ile ya Ross ina kilomita za mraba karibu 490,000 (ichukue Kenya, ukate kipande) na unene wa mita mia kadhaa. Scott na wenzake wawili walikufa humo Machi 1912. Hema lao lilikutwa Novemba. Waliolikuta waliliangusha juu ya miili, wakajenga rundo la theluji, wakaondoka. Kaburi hilo halijatulia. Rafu inasogea kuelekea baharini, na kwenye ukingo wake mwendo unafika karibu kilomita moja kwa mwaka, kwa hiyo Scott yuko safarini, anafukiwa na theluji mpya huku akisukumwa kaskazini, na siku moja kipande chenye miili hiyo kitakatika kiwe siwa barafu. Anayedhani natia chumvi akumbuke kambi za Wamarekani zilizoitwa Little America, zilizojengwa juu ya rafu hiyo hiyo: mwaka 1963 meli yao ilikuta mabaki ya mojawapo yametokeza ubavuni mwa siwa barafu lililokuwa likielea zake.

Roald Amundsen ndiye aliyefika kwenye ngao yenyewe, barafu iliyokalia mwamba wa bara, hadi ncha ya kusini, tarehe 14 Desemba 1911. Ngao ya barafu ndiyo Antaktika mnayopaswa kuiogopa: kilomita za mraba karibu milioni 14, mara 15 ya Tanzania, unene wa wastani karibu kilomita 2, na mahali pengine zaidi ya kilomita 4.7. Nayo inatembea. Pale nchani barafu husogea kama mita 10 kwa mwaka, ndiyo maana kila tarehe 1 Januari wanaoishi kituoni huihamisha alama ya ncha. Barafu ambayo Amundsen alikita hema lake juu yake imeshasogea zaidi ya kilomita moja.

Mengine nayapitia mbio. Baridi kali kuliko zote iliyopimwa na kipimajoto juu ya ardhi ni nyuzi 89.2 chini ya sifuri, kituo cha Vostok, tarehe 21 Julai 1983. Theluji hainyeshi kwa wingi. Sehemu kubwa za katikati hazipati hata milimita 50 za maji kwa mwaka, kwa hiyo ni jangwa. Na hapana, Mkataba wa Antaktika wa 1959, unaolitengea bara hilo amani na sayansi, hauishi mwaka 2048 kama wengine wanavyodai. Kinachoruhusiwa kuanzia mwaka huo ni nchi mwanachama kuomba mkutano wa kupitia upya Itifaki ya Madrid, ile ya kulinda mazingira ya Antaktika inayokataza uchimbaji wa madini, basi.

Turudi kwenye kuyeyuka. Joto la juu kabisa kuwahi kupimwa ncha ya kusini ni nyuzi 12.3 chini ya sifuri, Desemba 2011. Siku ya joto kuliko zote, na bado ni baridi kuliko friza ya duka la nyama ikiwa imefunguliwa mlango. Ongeza nyuzi tano, hata kumi, pale nchani hapatatoka tone. Sasa barafu inapungua vipi? Kwa kumwagika. Fikiria uji mzito uliomiminwa katikati ya sinia: unatanuka kwa uzito wake mpaka ukingoni. Ngao inaingiza zaidi ya tani bilioni 2,000 za theluji kila mwaka na kutoa kiasi kinachokaribiana na hicho kupitia barafuto, yaani mito ya barafu inayoteremka hadi pwani, ambako barafu inakatika au inaliwa na bahari kutokea chini. Siku hizi kinachotoka kimezidi kinachoingia kwa tani bilioni 150 hivi kwa mwaka. Tani bilioni 360 ni milimita moja ya bahari yote ya dunia. Piga hesabu mwenyewe.

Hapa ndipo ninapotaka watu wakae chini wafanye jaribio, kwa sababu wengi wanalifanya vibaya. Chukua glasi ya maji, tia vipande vya barafu vielee, piga alama kwenye usawa wa maji, subiri viyeyuke. Alama haisogei. Kwa maji ya chumvi, gramu 35 kwa lita, inasogea kiduchu sana: gramu 100 za barafu zinasukuma mililita 97 au 98 za maji ya chumvi, zikiyeyuka zinakuwa mililita 100 za maji baridi. Kwenye glasi yenye upana wa sentimita 7 tofauti hiyo haifiki milimita moja. Kwa hiyo barafu ya Shackleton na barafu ya Scott, zikiyeyuka zote, bahari haitashtuka. Kosa linalofanyika ni kujaza barafu mpaka rundo linagusa sakafu ya glasi. Ikishaegemea chini na kutokeza juu kuliko inavyopaswa, haielei tena, na ikiyeyuka maji yanapita alama. Watu hulalamika kuwa jaribio limeharibika. Halijaharibika! Hiyo ni Antaktika Magharibi ndani ya glasi.

Kule magharibi, mwamba uliobeba ngao uko chini ya usawa wa bahari, mahali pengine kwa zaidi ya kilomita 2. Barafu haielei kwa sababu moja tu: ni nene mno. Mwamba ukiwa mita 1,000 chini ya bahari, barafu ya mita 1,120 inatosha kuanza kuelea. Ikiwa na mita 1,300, zile 180 za ziada ndizo zinazoikalisha chini, na kwa makadirio ya haraka ndizo pekee zitakazopandisha bahari. Zile 1,120 zimeshahesabiwa, zimekalia nafasi ya maji. Ukisikia mtu anachukua ujazo wote wa barafu anaugawa kwa eneo la bahari, ujue karuka hatua hii. Ukiizingatia, ngao yote ya Antaktika ikiisha ingepandisha bahari kwa mita 58. Namba hiyo inapendwa sana na wanaotisha. Hakuna anayejua kazi hii anayeitarajia kwa karne zilizo mbele yetu.

Tunachokitazama ni pale barafu inapoacha mwamba na kuanza kuelea. Mstari huo ukirudi nyuma, barafu iliyokuwa imekaa inakuwa inayoelea. Barafuto ya Thwaites ina upana wa kilomita 120 hivi mbele ya bahari na imebeba sentimita 65 za usawa wa bahari, na mwamba wake unazidi kuwa na kina kadiri unavyoingia ndani. Mstari ukirudi nyuma unakuta barafu nene zaidi, barafu nene zaidi inamwagika kwa kasi zaidi, mstari unarudi tena.

Na anayeurudisha nyuma ni maji yenye nyuzi 1 hivi juu ya sifuri. Wasomaji wa Mombasa hucheka nikiyaita maji ya joto. Maji ya bahari huganda kwenye nyuzi 1.9 chini ya sifuri, na kadiri unavyoshuka, mgandamizo unapunguza zaidi joto ambalo barafu huyeyuka. Kwenye kina cha kilomita moja ni kama 2.6 chini ya sifuri. Maji ya nyuzi 1 yakifika hapo yamezidi kwa nyuzi tatu na nusu, na kwa barafu hizo ni kama mvuke wa sufuria. Hewa ya juu inaweza kuwa ile ile. Upepo ukibadilika tu na kuyasukuma maji hayo ya kina yapande kwenye sakafu ya bahari iliyo karibu na bara, kazi imeanza.

Rafu basi ina faida gani, kama yenyewe haipandishi bahari? Ni kabari mlangoni. Rafu ya Larsen B, kwenye Rasi ya Antaktika, ilivunjika mapema mwaka 2002: kilomita za mraba 3,250 kwa wiki tano hivi, baada ya maji yaliyoyeyuka juu yake kujaa kwenye nyufa na kuzipasua hadi chini. (Rasi iko kaskazini zaidi, huko juu panayeyuka kweli, nakubali.) Bahari haikupanda siku hiyo. Lakini barafuto zilizokuwa nyuma ya rafu ziliongeza kasi mara kadhaa, na barafu yao ilikuwa ya nchi kavu.

Jambo la mwisho linalowahusu wa Zanzibar na Dar: ngao ni nzito kiasi cha kuyavuta maji ya bahari kwa uvutano wake. Ikipungua, inaachia, na bahari iliyo karibu na Antaktika inashuka. Maji hayo yanahamia mbali. Barafu ya Antaktika Magharibi ikimwagika, pwani za Bahari ya Hindi huku kwetu zinapata zaidi ya wastani wa dunia. Nashangaa jambo hili halisemwi kwenye redio.

Sasa yale ambayo vitabu huyafunika kwa sentensi moja. Ile tani bilioni 150 ni tofauti ndogo ya namba mbili kubwa. Ukikosea makadirio ya theluji kwa asilimia 10, umekosea kwa tani bilioni 200, na ishara yenyewe imemezwa. Setilaiti zinazopima urefu wa uso haziwezi kukuambia kama mita iliyoongezeka ni theluji laini ya kilo 350 kwa mita ya ujazo au barafu ya kilo 917. Zinazopima uvutano, kama jozi ya GRACE iliyofanya kazi 2002 hadi 2017, hazitofautishi barafu inayopungua na mwamba unaopanda baada ya kupunguziwa mzigo maelfu ya miaka iliyopita. Lazima uondoe mchango wa mwamba kwa modeli, na upande wa mashariki sahihisho hilo linakaribia ukubwa wa jibu lenyewe. Machi 2022 hewa yenye unyevu iliingia huko mashariki, joto la kituo cha Concordia likapanda karibu nyuzi 39 juu ya wastani, na theluji ikamwagika kwa wingi. Mwaka mmoja wa namna hiyo unachafua mchoro wa miaka kadhaa. Kuhusu magharibi sina shaka inapoteza. Kuhusu mashariki, akija mtu na namba moja iliyonyooka bila kiwango cha makosa, mimi huwa nafunga ukurasa.

Na mwamba una kisa kingine. Karibu na Bahari ya Amundsen, GPS zimepima sakafu ikipanda hadi milimita 41 kwa mwaka, haraka kuliko ilivyotarajiwa, kwa kuwa jabali la chini kule ni laini na linaitikia upesi. Mwamba ukipanda, kina kinapungua, na ule mstari wa kuelea unaweza kupata pa kushika. Barafu nayo inarudi nyuma kwa mamia ya mita kwa mwaka.