Mita mbili za theluji ni maji kiasi gani? Dhana potofu kuhusu dhoruba za Buffalo

Saa moja asubuhi, kiza bado hakijaisha, huwa niko uani na tochi na rula. Nina kipima mvua cha plastiki chenye mdomo wa inchi nne, kimefungwa kwenye nguzo mbali na ukuta, na ubao mweupe ambao juu yake napimia theluji mpya. Nimefanya hivyo tangu 2013 hapa Buffalo, jimbo la New York, ambako kwa wastani huanguka karibu sentimita 240 za theluji kwa mwaka. Waswahili tupo wengi: Wakongo na Warundi, baadhi yao waliopitia kambi za Kigoma, na sisi tuliokulia Kasulu penyewe.

Mimi si mtaalamu wa hali ya hewa. Ninapima na kuandika. Lakini kupima kila siku kumenionyesha kwamba mengi yanayosemwa kuhusu dhoruba za huku, na ndugu walio nyumbani na hata wazawa wa hapa, si kweli. Mengine yanaweza kumuua mtu.

“Buffalo yote imefunikwa”

Novemba 2022 simu yangu haikupumzika. Picha za Orchard Park zilikuwa zimeshafika Kasulu: magari hayaonekani, milango imezibwa, mita mbili za theluji ndani ya siku chache. Mama mdogo akauliza, “Mwanangu, mko salama kweli?” Orchard Park iko kusini mwa jiji. Mimi nakaa kaskazini, na alipopiga nilikuwa nimetoka kufagia ngazi zangu kwa ufagio wa kawaida.

Miaka minane kabla yake, Novemba 2014, ilikuwa hivyohivyo. Vitongoji vya kusini vilipata zaidi ya mita moja na nusu, huku vya kaskazini vikipata sentimita chache tu. Tulisimama kwenye jua tukitazama ukuta mweupe wa wingu umesimama upande wa pili wa jiji, hausogei.

Chanzo chake ni Ziwa Erie. Mwezi wa kumi na moja maji yake bado yana joto la kiangazi. Upepo wa baridi kali ukitoka kusini-magharibi, unapita juu ya urefu wote wa ziwa, karibu kilomita 390, ukibeba mvuke njiani. Watabiri hutazama tofauti ya joto kati ya uso wa maji na hewa iliyo juu kama kilomita moja na nusu: ikifika nyuzi 13 hivi za Selsiasi, mambo yanaweza kuanza. Mvuke unapanda, unakuwa mawingu, na mawingu yanajipanga kuwa mkanda mmoja mwembamba unaomwaga theluji palepale ziwa linapoishia. Upepo ukigeuka kidogo, mkanda unahama mtaa. Usipogeuka, wale walio chini yake wanafukiwa.

Watu wa nyumbani wanalielewa jambo hili upesi kuliko wanavyodhani. Nani hajaona mvua ikinyesha upande mmoja wa barabara na kuacha vumbi upande wa pili? Ndiyo maana jibu la swali “Buffalo imepata kiasi gani?” ni swali jingine: Buffalo ya wapi?

Mtandao wa wapimaji wa kujitolea ninaoupelekea namba zangu, CoCoRaHS, ulizaliwa kwa sababu hiyohiyo. Julai 28, 1997, mvua iliangukia Fort Collins, Colorado. Sehemu moja ya mji ilipata zaidi ya milimita 300, sehemu nyingine mvua ya kawaida tu, na watu watano wakafa katika mafuriko. Mwaka uliofuata mtandao ukaanzishwa, ili pasiwe tena na pengo kubwa hivyo kati ya kipima kimoja na kingine.

“Mita mbili za theluji, basi mafuriko hayo”

Hapa ndipo ninapopenda kukaa na mtu nikamweleza taratibu, kwa sababu theluji nayo ni mvua. Urefu wake kwenye rula ni hewa kwa sehemu kubwa.

Baridi inapoanza, natoa faneli na bomba dogo la ndani ya kipima, nabakiza silinda kubwa ya nje peke yake. Mwaka wangu wa kwanza sikufanya hivyo. Maji yakaganda usiku na bomba likapasuka. Theluji ikishajaa kwenye silinda, naiingiza jikoni, naongeza maji ya uvuguvugu niliyoyapima kwanza, inayeyuka, napima yote, kisha natoa kile nilichoongeza. Kinachobaki ndiyo mvua ya siku hiyo.

Wengi wamekariri kwamba sentimita kumi za theluji ni sentimita moja ya maji. Kanuni hiyo ni ya zamani, na mara nyingi haifai. Theluji ya ziwa ni nyepesi kama pamba: uwiano wa 20 kwa moja ni wa kawaida, na hata 30 kwa moja hutokea. Theluji nzito ya mwezi Machi, ile inayoshikamana na koleo, inaweza kuwa tano kwa moja. Maana yake, sentimita 30 za theluji zinaweza kuwa milimita 10 za maji au milimita 60. Milimita 10 ni mvua ya jioni moja ya masika, watoto hawajamaliza hata kukinga ndoo.

Milimita moja ya maji ni lita moja kwa kila mita ya mraba, yaani kilo moja. Paa halijui sentimita, linajua kilo. Jirani yangu, mama mmoja kutoka Fizi, Kongo, alikuwa akihofia kila theluji ndefu. Tulipoyeyusha pamoja ya kwenye kibaraza chake, akaona mwenyewe kwamba ya kuhofia ni ile fupi, ya zamani, iliyolala wiki tatu kisha ikanyeshewa mvua.

Kuna dhana ndogo inayokwenda na hii: kwamba kipima chenye mdomo mpana kitaonyesha mvua nyingi zaidi. Hapana. Mdomo mpana unakusanya maji mengi, lakini yanatandazwa kwenye kitako kipana vilevile. Kina ni kilekile, mradi chombo kiwe na pande zilizonyooka.

“Blizadi ni theluji nyingi sana”

Hii ndiyo dhana inayonikosesha usingizi. Idara ya hali ya hewa ya Marekani haiiti dhoruba blizadi kwa wingi wa theluji, wala kwa ukali wa baridi. Inatazama mambo mawili kwa saa tatu au zaidi: upepo wa kilomita 56 kwa saa na kuendelea, na theluji ipeperukayo inayozuia macho kuona hata mita 400 mbele. Si lazima hata tone moja la theluji mpya lianguke.

Wazee wa hapa wanalijua hilo. Ziwa Erie liliganda mapema, Desemba 14, 1976, na theluji ikalala juu ya barafu wiki baada ya wiki. Januari 28, 1977, upepo uliozidi kilomita 100 kwa saa uliichota theluji hiyo yote na kuileta mjini. Theluji mpya katika siku zile haikuzidi sana sentimita 30. Nyumba zilifukiwa hadi madirishani, na zaidi ya watu 20 walikufa.

Kisha ikaja Krismasi ya 2022. Safari hii theluji mpya ilikuwepo, zaidi ya sentimita 130 kwenye uwanja wa ndege, lakini kilichoua ni saa 37 mfululizo za kutoona mbele. Katika kaunti yetu walikufa zaidi ya watu 40: wengine ndani ya magari yaliyokwama, wengine majumbani baada ya umeme kukatika, wengine wakitembea kwa miguu mitaa waliyoizoea, wengine moyo ukiwa umesimama wakizoa theluji. Magari ya wagonjwa hayakuweza kupita. Mtu aliyetazama utabiri akaona “sentimita chache asubuhi” angeweza kutoka kununua maziwa. Kwa hiyo ninawaambia wote ninaosali nao: soma kwanza upepo, ndipo usome sentimita.

Siku zile kipima changu hakikufaa kitu. Upepo mkali hupitisha theluji juu ya mdomo wake, na kinachoingia kinaweza kuwa chini ya nusu ya kilichoanguka. Nilipoweza kutoka nilipima sehemu kumi, nikatafuta wastani, na pembeni nikaandika kwamba namba hii si ya kutegemewa. Kuandika hivyo ni sehemu ya kipimo.

“Ukipima mara nyingi unapata usahihi zaidi”

Theluji ikishaanguka hushindiliwa na uzito wake yenyewe. Ukiifagia ubaoni kila saa na kujumlisha, unajumlisha theluji ambayo haijapata nafasi ya kulala, na jumla inavimba. Januari 1997 kijiji cha Montague, mashariki mwa Ziwa Ontario, kiliripoti inchi 77 kwa saa 24, karibu mita mbili. Ingekuwa rekodi ya Marekani. Kamati iliyoichunguza ikaikataa, kwa kuwa ilijumlishwa kutokana na vipimo sita, na kanuni inaruhusu kusafisha ubao kila baada ya saa sita, si chini ya hapo. Rekodi ikabaki ile ya Silver Lake, Colorado, ya Aprili 1921, inchi 75.8. Aliyepima Montague hakudanganya. Alikuwa kwenye baridi usiku kucha akifanya kazi ya wengi. Namba zinapotakiwa kulinganishwa, lazima sote tupime kwa namna moja, kama vituo vya Tanzania vinavyosoma mvua saa tatu asubuhi, kila kimoja.

“Baridi ikizidi sana, theluji hainyeshi”

Hunyesha. Hewa ya baridi hubeba mvuke mchache, hivyo theluji huwa kidogo na ya chembe ndogo, lakini hakuna kiwango cha baridi kinachoifunga. Kinachoipunguza kwetu mwezi Februari ni ziwa kuganda: barafu ikishafunika maji, mvuke unakosa pa kutokea.

“Theluji yote hii, halafu mnasema dunia inapata joto?”

Tazama tena ziwa. Erie ndilo lenye kina kifupi kuliko Maziwa Makuu yote ya huku, wastani wa mita 19, hivyo huganda upesi baridi inapokaza. Majira ya baridi yakiwa na joto zaidi, barafu inachelewa, na maji yanabaki wazi kwa upepo muda mrefu zaidi. Hewa nayo, kwa kila nyuzi moja ya joto inayoongezeka, huweza kubeba mvuke zaidi kwa karibu asilimia 7. Kwa hiyo dhoruba kubwa ya ziwa na dunia inayopata joto havipingani. Dhoruba moja peke yake haithibitishi lolote, upande huu wala ule.

“Kama hakuna kilichoanguka, hakuna cha kuandika”

Ukiacha nafasi wazi, anayesoma baadaye hatajua kama palikuwa pakavu au kama ulilala. Ukame unaonekana kwenye sifuri zilizopangana. Yakianguka manyunyu yasiyofika kipimo, tunaandika herufi T, kwamba yalionekana.

Leo asubuhi ubao ulikuwa na umande ulioganda, bila theluji. Niliukagua kwa tochi, nikapangusa, nikaandika 0.00.