Rangi moja si picha tupu, yakhe

Watu wakiona picha nyeupe tupu au nyeusi tupu ukutani utawasikia, ah hii haijamalizwa, hata mie ningepaka. Sasa hebu pita Mji Mkongwe usimame mbele ya mlango wa nakshi ambao haujapigwa rangi. Ubao ni rangi moja tu lakini maua na minyororo yote unaiona, kwa sababu kivuli ndo kinachochora, jua likiupiga mlango usoni nakshi zinafifia, likija kwa ubavu zinaamka, na fundi hajagusa kitu.

Basi na hizo picha ndo hivohivo. Mfaransa Pierre Soulages, aliyefariki 2022 akiwa na miaka 102, tangu 1979 alikazana zaidi na picha za nyeusi peke yake, anapaka rangi nzito halafu anaikwangua, pengine anaipiga mistari pengine anaiacha laini, penye laini mwanga unarudi kama kioo, penye mistari unakatika, ukisogea hatua mbili tu picha nyengine kabisa. Mtaliana Piero Manzoni yeye alichovya kitambaa kwenye udongo mweupe, mikunjo ikakauka vilevile.

Tatizo tunaziangalia kwenye simu, na simu inakupa mwanga mmoja ulioganda, lazima uone doa tu (mie mwenyewe nilizicheka zamani). Usiku zima taa, washa tochi, ilaze ubavuni mwa ukuta wa chokaa. Utaona mabonde na milima humo.