Kiashiria cha mtawanyiko wa maji katika MRI ya saratani ya ubongo

Kiashiria cha mtawanyiko ni namba inayotokana na picha za MRI, yaani picha za ndani ya mwili zinazopigwa kwa mashine ya sumaku, zinazopima jinsi molekuli za maji zinavyosogea ndani ya tishu, na katika saratani ya ubongo namba hiyo, ambayo kwenye ripoti huandikwa ADC, husaidia kukadiria muda ambao mgonjwa anaweza kuishi.

Maji hayatulii. Yakiwa huru katika joto la mwili, ndani ya sehemu 50 za elfu ya sekunde molekuli zake husogea takriban mikromita 17 kuelekea upande wowote, umbali unaokaribia upana wa seli moja. Zikiwa ndani ya tishu hugonga kuta za seli na kurudi, na kadiri seli zinavyosongamana ndivyo nafasi inavyozidi kuwa finyu na ADC kushuka. Ndiyo maana katika glioblastoma, saratani kali ambayo seli zake huzaliana kwa kasi, ADC ya chini mara nyingi huambatana na maisha mafupi zaidi.

Wagonjwa wa ugonjwa huu hawafanani hata kidogo. Katika jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2005, nusu ya waliopewa mionzi pamoja na temozolomide, dawa ya saratani, waliishi zaidi ya miezi 14.6, na takriban robo walivuka miaka miwili. Kiashiria kinatafutwa ili tofauti hiyo ionekane mapema.

Hata hivyo, wastani wa uvimbe mzima hupotosha, kwa kuwa katikati yake huwa na sehemu zilizokufa ambamo maji hutembea kwa urahisi na kupandisha namba. Kwa sababu hiyo wataalamu wengi huchunguza zile sehemu zenye ADC ya chini kabisa. Usaha wa jipu la ubongo nao hushusha ADC, kwa hiyo namba pekee haitambui saratani.

Kwa maoni yangu, thamani yake kubwa zaidi iko katika mabadiliko: tiba ikiua seli, kuta zake huvunjika, maji hupata nafasi, na ADC inaweza kupanda kabla uvimbe haujapungua ukubwa. Familia inayoisoma ripoti kwa hofu ijue kwamba ADC haitabiri tarehe ya kifo cha mtu yeyote. Daktari huipima pamoja na umri, nguvu za mgonjwa, kiasi cha uvimbe kilichoondolewa kwa upasuaji na hali ya jeni ya MGMT, ambayo huathiri jinsi temozolomide inavyofanya kazi, na hulinganisha vipimo vilivyochukuliwa, ikiwezekana, kwenye mashine ileile.