Mgomba uliodumaa: kwa nini kukata mgomba mmoja hakuzuii kirusi cha BBTV

Wakulima wengi wa ndizi mkoani Kagera na Kigoma wanaujua mnyauko wa bakteria, na kwa miaka mingi wamefundishwa kupambana nao kwa kuvunja ua dume kwa kijiti chenye panda, kupitisha panga kwenye moto au kulisafisha kwa jiki kabla ya kuhamia shina jingine, na kuondoa mgomba mmoja mmoja unaoonyesha dalili. Kwa ugonjwa ule, elimu hiyo ni sahihi. Sasa upo ugonjwa mwingine, unaosababishwa na kirusi kinachojulikana kitaalamu kwa kifupi cha BBTV (kwa Kiingereza banana bunchy top virus), na mkulima anayeushughulikia kama mnyauko hupoteza msimu mzima huku shamba likizidi kuambukizwa.

Ugonjwa huu si mpya duniani. Uliandikwa kwa mara ya kwanza huko Fiji mwaka 1889, ukafika Australia mwaka 1913 kwa machipukizi yaliyotoka Fiji, na katika miaka ya 1920 ukakaribia kuua kabisa kilimo cha ndizi cha nchi hiyo. Kongo uliripotiwa katika miaka ya 1950, na mwaka 1987 ukaripotiwa katika bonde la Rusizi, linalozigusa Burundi, Rwanda na Kongo. Hapa Tanzania umekwisha kuthibitishwa mkoani Kigoma, ikiwemo wilaya ya Buhigwe inayopakana na Burundi.

Dalili ya mapema zaidi haionekani kwa mbali. Chukua jani changa, ligeuze upande wa chini, kisha litazame dhidi ya mwanga wa jua: kwenye vishipa vidogo na kwenye kikonyo utaona vistari na vidoti vya kijani kilichokoza, vilivyokatikakatika, ambavyo karibu na uti wa jani hujipinda kama ndoano. Baadaye kila jani jipya hutoka likiwa fupi na jembamba kuliko lililotangulia, kingo zake hugeuka manjano, na majani yote husimama wima yakijibana kileleni. Mgomba ulioambukizwa ukiwa mdogo hauzai. Ulioambukizwa karibu na kuchanua unaweza kutoa mkungu mdogo uliopinda. Ukame na upungufu wa virutubisho pia hudumaza migomba na kuipa manjano, lakini havileti vile vistari vya kijani, na ndiyo maana ninasisitiza jani ligeuzwe kabla ya mtu kutoa hukumu.

Kirusi hiki hakienezwi kwa panga. Hubebwa na kidukari wa migomba, mdudu mdogo mweusi au wa kahawia anayejificha chini ya magamba ya mgomba na katikati ya majani machanga, mara nyingi akiwa pamoja na sisimizi. Kidukari huhitaji kufyonza utomvu wa mgomba mgonjwa kwa saa kadhaa ili apate kirusi, na akishakipata anaweza kukiambukiza kwa siku nyingi. Uchunguzi uliofanywa Australia ulionyesha kwamba maambukizi mengi mapya hutokea ndani ya mita 20 hivi kutoka kwenye mgomba mgonjwa. Kwa hiyo ugonjwa unapozuka katika kijiji kilicho mbali sana na chanzo, mshukiwa wa kwanza si mdudu bali ni chipukizi lililopewa mtu kama zawadi, likanunuliwa mnadani au likavushwa mpakani.

Ndani ya shina, yaani mgomba mama pamoja na machipukizi yake, kirusi hupita kwenye tunguu, ile sehemu nene iliyo chini ya ardhi, kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto na kwa mjukuu. Hapa ndipo desturi ya kukata mgomba mmoja inaposhindwa, kwa sababu machipukizi yanayobaki huenda yameshaambukizwa ingawa yanaonekana mazima kwa wiki nyingi. Hakuna dawa ya kuponya mgomba uliougua, na kuchovya machipukizi kwenye maji ya moto, kunakosaidia sana dhidi ya minyoo fundo na fukusi, hakuondoi kirusi hiki.

Kinachobaki ni kung'oa, na mpangilio wa kazi una uzito wake. Anza kwa kuua vidukari pale pale mgomba ukiwa bado umesimama, kwa kiuatilifu kilichosajiliwa au kwa mafuta ya taa yanayomiminwa katikati ya majani ya kileleni. Ukianza na panga, wadudu wenye mabawa wataruka kwenda kwenye migomba mizima. Baada ya hapo chimbua shina zima, mama na machipukizi yote, pamoja na tunguu lake, ulikatekate vipande vidogo vikauke hapo hapo shambani, kisha rudi kila baada ya wiki chache kung'oa chochote kinachochipua. Maharage au mahindi yanaweza kupandwa katika nafasi hiyo wakati mkulima anasubiri kuhakikisha kwamba hakuna chipukizi la zamani lililobaki.

Miche ya kupanda upya itoke kwenye maabara za tishu, zinazokuza miche kutokana na vipande vidogo vya mgomba, zinazopima migomba mama, au kwenye vitalu vilivyokaguliwa. Ni ghali kuliko chipukizi la bure la jirani, nalijua hilo, na kwa kaya yenye migomba michache ni gharama nzito. Ndiyo maana ningependelea vikundi vya wakulima viendeshe kitalu kimoja cha pamoja kuliko kila mtu kutafuta miche yake. Tena mche safi unaopandwa kando ya shamba lenye ugonjwa la jirani asiyeng'oa hautadumu muda mrefu, hivyo kazi hii ifanywe na kitongoji kizima kwa wakati mmoja.

Anayeona dalili asilibebe jani kwenda ofisini. Apige picha ya upande wa chini wa jani, amwite afisa ugani aje shambani, na asitoe wala kuuza machipukizi yake mpaka majibu yapatikane. Kirusi hiki hakimdhuru binadamu, na ndizi zilizokomaa zinalika na kuuzika, ila zisifungashwe wala kufunikwa kwa majani ya migomba zinaposafirishwa kutoka kwenye maeneo yenye ugonjwa, kwa kuwa vidukari husafiri humo.