Je, udogo wetu ulimwenguni unafuta wema na ubaya?

Wengi wanaamini kwamba kwa kuwa binadamu ni chembe tu katika ulimwengu mpana mno, basi matendo yetu, yawe mema au mabaya, hayana uzito.

Kuhusu udogo hawajakosea. Kipenyo cha Jua ni takriban mara 109 ya kile cha Dunia, na galaksi yetu ina nyota zisizopungua bilioni 100. Usiku usio na mbalamwezi tafuta Kilimia, kundi la nyota ambalo wakulima walilitazama kujua majira: mwanga unaoingia jichoni mwako uliondoka huko zaidi ya miaka 400 iliyopita.

Lakini vipimo hivyo havitoi hitimisho lile. Jaribu mwenyewe: fikiria ulimwengu mzima umesinyaa ukawa sawa na kata yako. Je, kumdhulumu mjane shamba lake sasa ni kosa kubwa zaidi? Hapana, maana njaa ya watoto wake ni ileile. Basi ulimwengu ukipanuka, kosa hilo litapunguaje?

Chanzo cha maadili, kiwe dini, akili au huruma, kimejadiliwa karne nyingi, na ni mjadala wa maana sana. Ila umbali wa nyota haumpi yeyote ushindi ndani yake.