Mama lishe anahitaji falsafa, na nimechoka kuulizwa kwa nini

Wiki hii nimeulizwa tena, safari hii na mtu mwenye shahada: "Mwalimu, watu wa mtaa wa Ng'ambo wanahitaji mtaji na vyerehani. Falsafa ya nini?"

Jioni mbili kwa wiki, hapa Tabora, nafundisha watu wazima wenye kipato kidogo falsafa, historia, fasihi na uandishi. Bure. Si kisomo; wote wanajua kusoma. Ni masomo ya kiwango cha chuo, na sipunguzi kitu. Mfano nimeuchukua Marekani. Mwaka 1995 mwandishi Earl Shorris alifungua darasa la namna hiyo New York, likaitwa Kozi ya Clemente. Wazo alilipata kwa mwanamke mfungwa, siyo kwa profesa. Wanafunzi walipewa vitabu, nauli na mahali pa kuacha watoto, na Chuo cha Bard kikaitambua kozi.

Wanaosema "mtaji kwanza" wanadhani kufikiri ni kazi ya aliyeshiba. Waje wakae darasani siku moja.

Tulikuwa tunamsoma Sokrate, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale. Mwaka 399 KK amehukumiwa kunywa sumu, rafiki yake Krito anataka kumtorosha, anakataa: sheria za mji zimemlea, hawezi kuzikimbia kwa sababu leo zimemgeukia. Nikamweka kando yake mtemi wetu Isike wa Unyanyembe, ambaye mwaka 1893, Wajerumani walipoingia bomani mwake, alilipua baruti akiwa humo humo. Nilitarajia wamsifu. Mama mmoja anayeuza wali karibu na stesheni akanyoosha mkono: "Sokrate alikunywa peke yake. Hao waliokuwa bomani na Isike, aliwauliza?"

Darasa likawaka mpaka saa tatu usiku. Dereva wa bodaboda akasema mtemi hamuulizi mtu, ndiyo maana ni mtemi. Mama akamrudishia: basi hata mwenyekiti wa mtaa asituulize. Mtu anayejenga hoja hivyo akiitwa kwenye kikao cha kugawa vizimba vya soko hatanyamaza. Cherehani haimpi hilo. Wala simkatazi cherehani! Nani aliwaambia ni lazima achague kimoja?

Kinachoniumiza kichwa ni lugha. "Haki" yetu inabeba mambo mawili: kile ninachostahili kudai, na uadilifu wa hukumu yenyewe. Nusu ya ubishi wa siku ile ulitoka hapo, kila mtu akishika haki yake. Tafsiri naziandaa mwenyewe usiku, na zipo aya ambazo mpaka leo sijui kama nimezitendea wema. Mwalimu Nyerere, aliyewahi kufundisha mji huu huu, alimtafsiri Shakespeare. Tafsiri yake ya tamthilia ya Julius Caesar ilitoka mwaka 1963, akiwa rais. Hakuona kwamba Mswahili astahili makombo.

Je, kipato chao kimepanda? Sina ushahidi, na sitaahidi. Wengine wameacha katikati, na sikuwa na jibu kwa yule aliyeniambia kwamba mumewe hapendi anavyobishana siku hizi.

Mvua za Novemba zikianza, wengi huenda kwenye tumbaku na mahindi, viti vinabaki vitupu. Kwa hiyo mwaka huu Isike nitamfundisha Septemba, kabla majembe hayajatoka.