Si kila damu kwenye mkojo ni kichocho

Nilikojoa damu mara moja, sikusikia maumivu, kesho yake ikakata. Si nimepona?
Hapo ndipo wengi hujidanganya. Damu ya saratani ya figo huja na kupotea, pengine kwa wiki kadhaa, na mara nyingi haiumi. Sisi tuliokulia kwenye majaruba ya mpunga tulizoea: mkojo mwekundu ni kichocho, unameza prazikwanteli, yameisha. Kwa mtoto, mara nyingi ni kweli. Lakini mtu wa miaka 60, tena mvutaji, asiishie hapo. Pima kichocho, sawa. Mayai ya kichocho yasipoonekana kwenye mkojo, au damu ikirudi baada ya dawa, omba ultrasaundi ya tumbo.

Lakini kipimo cha damu kilionyesha figo zinafanya kazi vizuri.
Huenda ni kweli, na uvimbe ukawepo vilevile. Figo moja ikiugua, mwenzake hubeba kazi, majibu yakasoma sawa kabisa. Kipimo hicho huonyesha kazi ya figo, hakionyeshi umbo lake. Tena figo zimejificha nyuma ya tumbo, kwa hiyo uvimbe hukua kimya. Wengine hugunduliwa walipokwenda kupimwa mawe ya nyongo. Maumivu ya ubavu, kukonda na homa zisizoeleweka huchelewa kuja.

Nani yuko hatarini zaidi?
Wavuta sigara, wenye unene uliopitiliza, wenye presha, na waliosafishwa damu kwa miaka mingi. Wanaume huugua zaidi kuliko wanawake. Wachache hurithi.

Na watoto?
Wao wana saratani ya figo ya kwao, iitwayo uvimbe wa Wilms, ambao hushika hasa walio chini ya miaka 5. Mara nyingi mama ndiye huugundua akimwogesha: tumbo limejaa upande mmoja, gumu. Usiliminyeminye, wala usimpeleke kukandwa, maana uvimbe unaweza kupasuka. Mpeleke hospitali. Dawa za kemo, ambazo kwa saratani ya figo ya watu wazima hazisaidii sana, kwa watoto hawa hufanya kazi vizuri.

Nikitolewa figo moja nitaishi?
Utaishi. Uvimbe mdogo, wa chini ya sentimita 4, mara nyingi hukatwa wenyewe na figo ikabaki. Ikitolewa yote, iliyobaki hutanuka kidogo na kufanya kazi ya mbili. Dhibiti presha, na dawa za maumivu kama diklofenaki za kujinunulia dukani uachane nazo.